Ilamba na Kichuguu cha Babu

Mama mkwe wangu, Ilamba, alikuwa na mazoea ya kugonga kila kitu kwa kifundo cha kidole kabla hajakiamini. Chungu, boga, nguzo ya mlango, hata kifua cha mwanawe alipokuwa na kikohozi. Siku nilipoingia nyumbani kwake kama bi harusi alinigonga begani, akatega sikio, akasema, "Huyu hajakauka vizuri, lakini atafaa." Nikanuna siku mbili. Kwetu ng'ambo ya mto bi harusi hupokewa kwa mtindi na maneno matamu, hagongwi kama mtungi. Ilinichukua miaka kujua kwamba ile ndiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko zote alizowahi kumpa mtu.

Mimi ni Rushami, binti wa watu wa moto. Sisi tunafuga ng'ombe na farasi, tunaumwagia moto samli na maziwa ili miungu ipate chakula chake huko juu, na tunajiona bora kuliko kila kiumbe anayepumua. Nayasema haya bila kificho kwa sababu nimelelewa nayo. Nikaolewa na Pirku, mwana wa Ilamba, katika watu wa nyoka wanaokaa ukingoni mwa msitu, na baba yangu hakunisemesha mwaka mzima. Watu wa nyoka hawana moto wa sadaka. Wao humwagia maziwa kichuguu. Maziwa ni yale yale, ya ng'ombe wale wale, huku yanamwagwa motoni na huku yanamwagwa mchangani, na kwa ajili hiyo watu wamepasuana vichwa tangu enzi za bibi zetu.

Kazi ya Ilamba ilikuwa ufinyanzi. Kwao gurudumu ni la wanawake. Alikaa mbele yake tangu jua linachomoza, goti moja chini na jingine juu, udongo ukipanda mikononi mwake huku mdomo ukiwasema majirani mmoja baada ya mwingine. Mwenye kupita akisikia jina lake alisimama kujitetea, na mara nyingi aliondoka amenunua kitu. Vyungu vyake havikupasuka. Ungeweza kukiweka kwenye makaa kikiwa kimetoka kulowana maji baridi, kisilalamike. Wanawake wa kwetu walivuka mto kuvitafuta, wakaleta shayiri na samli, ingawa makuhani wetu walihubiri kwamba chungu kilichozungushwa kwenye gurudumu ni cha mashetani, na cha miungu hufinyangwa kwa mkono mtupu. Kuhani akipita, vyungu vinafichwa. Mama yangu mzazi alikuwa navyo vinne chini ya kitanda, na yeye ndiye aliyelia kuliko wote nilipoolewa na mashetani.

Sasa kichuguu. Kilikuwa nyuma ya nyumba ya Ilamba, kirefu kumpita mwanamume aliyesimama, na ndani yake alikaa nyoka mmoja mzee, fira, ambaye kijiji kizima kilimwita Babu. Kila mwezi unapoandama, Ilamba alipeleka bakuli la maziwa. Hiyo ilikuwa heshima ya nyumba yake, aliirithi kwa mama mkwe wake, na siku moja ingekuja kwangu, jambo ambalo baadhi ya wanawake pale lilikuwa likiwanyima usingizi. Na sheria ilikuwa moja, haina mjadala: Babu akihama, watu nao wanahama. Unaiacha nyumba, unaliacha tanuri, unaacha shimo la udongo na makaburi ya watu wako, unaingia msituni kutafuta kichuguu kingine chenye mwenyewe.

Walikwisha kuhama mara mbili. Mara ya pili Ilamba alikuwa msichana, watu wangu walipouchoma msitu ili wapate malisho. Sijui niseme nini juu ya hilo. Kwetu tulikuwa tukiimba nyimbo kuusifu moto ule, mimi mwenyewe nimeziimba, na nilipoolewa ndipo nikakutana na watu waliokuwa ndani ya huo msitu. Ilamba alinisimulia mara moja tu. Akamalizia kwa kusema kwamba magoti yake hayaendi tena popote, mume wake amelala pale chini ya mti wa pala karibu na tanuri, na yeye atalala hapo hapo.

Basi ikawa majira ya kuchanua, asubuhi, kaka yangu Harivata akavuka mto kuja kututembelea. Yeye ni mtunza farasi wa mkuu wa kwetu. Alikaa uani, akakataa maji, maana ungempa katika nini ila chombo cha gurudumu, akaanza kuzungukazunguka na habari.

"Toa unachotaka kutoa," nikamwambia. "Hukuvuka mto kuja kuniangalia nywele."

"Mkuu anajenga moto mkubwa mwaka huu," akasema. "Sadaka ya mwaka mzima. Kinatakiwa chungu cha kubebea moto, na lazima akifinyange mke mkubwa kwa mikono yake."

"Yule hawezi hata kukanda unga."

"Ndiyo hivyo, amekwisha kupasua viwili. Kuhani Upaketu amesema udongo hauna nguvu. Lazima uchanganywe na wa kichuguu." Akatazama chini. "Na kichuguu kikubwa kuliko vyote mnacho nyie."

Ilamba alikuwa kwenye gurudumu. Halikusimama, lakini mdomo wake ulisimama, na hilo lilinitisha zaidi.

Nikamwambia Harivata amwongoze farasi kwingine. Maana kwetu farasi ndiye anayechagua: wanatangulizwa wanyama watatu, farasi, punda na mbuzi, na pale farasi atakapokanyaga kwa mguu wa mbele, ndipo panapochimbwa. Kaka yangu akatikisa kichwa. "Haongozwi, dada, nawe unajua. Anafunguliwa kamba. Nikimvuta na kuhani akaona, nitakatwa mkono."

Akaondoka. Ilamba akauliza swali moja tu: "Siku ngapi?" Nikamwambia nne, maana Harivata alikuwa ameniambia siku yao.

Habari zikafika kwa Kurumba kabla jua halijapanda. Kurumba ni mkubwa wa ukoo, kaka wa marehemu baba mkwe wangu, mwenye ndevu nyeupe hadi kifuani na sauti ya kuitia ng'ombe waliopotea. Akakusanya vijana, wakachonga marungu siku tatu mfululizo mbele ya nyumba yake. Mume wangu Pirku naye alikuwemo. Nilimwuliza kama amekusudia kumpiga kaka yangu, akanijibu kwamba hatampiga sana. Kila aliyepita alinitazama mimi kana kwamba ndimi niliyemtuma farasi. Siku ya tatu mwanamke mmoja kisimani akaniambia, "Nyie wachoma misitu mtaridhika lini?" Nikamwambia tutaridhika yeye atakapojifunza kuosha shingo. Nilifika nyumbani na hasira, lakini si hasira tu. Kama wangehama, wangeingia ndani kabisa msituni, na mimi ningemfuata mume wangu, na mama yangu nisingemwona tena mpaka mmoja wetu afe.

Ilamba siku hizo hakumsema mtu. Alikanda udongo, akaukanda tena.

Siku ya nne wakaja. Mbele farasi mwekundu bila kamba, nyuma yake punda na mbuzi, kisha kuhani Upaketu na ngozi ya swala mweusi mkononi ya kufungia udongo, kisha mchimbaji na mwanzi wake uliochongwa ncha, na nyuma wanaume wenye mikuki. Kaka yangu alitembea pembeni, uso umemsawajika. Farasi hakuwa na haraka. Akala mmung'unye wa jirani yetu. Akanusa tanuri. Akasimama uani kwetu kitambo kirefu hadi nikaanza kupata matumaini, kisha akazunguka nyumba moja kwa moja, akapandisha mguu wa mbele kwenye kitako cha kichuguu, akautuliza hapo.

"Farasi amechagua," akasema Upaketu.

"Basi farasi na achimbe," akajibu Kurumba, akakaa chini mbele ya kichuguu na rungu mapajani. Vijana wakajipanga nyuma yake.

"Mzee, ondoka. Huu ni udongo tu kwenu. Kwetu ni sikio la dunia, humo ndimo inamotusikilizia."

"Kwetu ni nyumba ya Babu, na wewe umekuja kwake bila hodi. Hata moto wenu mwaka ule haukubisha hodi."

"Nyoka ndiye mnamwita babu," kuhani akasema, akawageukia watu wake. Wakacheka.

"Nanyi mnaongozwa na farasi," Kurumba akasema. "Angalau mimi babu yangu hatafuni mimung'unye ya watu."

Hata mmoja wa wenye mikuki alicheka, lakini mikuki ilikuwa imekwisha kushushwa, na Pirku alikuwa amesogea mbele. Niliona macho ya kaka yangu na macho ya mume wangu yakikutana.

Ndipo Ilamba akaja, polepole kwa sababu ya magoti, mikono imejaa matope. Akapita katikati ya mikuki na marungu kana kwamba anakwenda kuanua nguo. Akasimama mbele ya Kurumba.

"Shemeji," akasema, "jana ulikula nini?"

Kurumba akamkazia macho. "Choroko. Wewe mwanamke, sasa hivi ni wakati wa—"

"Zilipikwa katika chungu gani?"

"Chako. Kila mtu hapa anapikia chako."

"Basi jana ulikula ndani ya nyumba ya Babu," Ilamba akasema. "Na juzi. Na miaka arobaini."

Hakuna aliyeelewa, hata mimi. Akazunguka nyuma ya kichuguu, upande unaotazama tanuri, Kurumba akainuka na sote tukamfuata, naye akainama kwa shida, akaondoa jiwe bapa ambalo siku zote nilidhani limewekwa pale kukanyagia wakati wa matope. Nyuma yake palikuwa na shimo safi, limechimbwa kwa mshazari kwenda juu, ukubwa wa mtu kuingiza mkono hadi begani. Kuta zake zilikuwa laini kwa kuguswaguswa.

"Kila mwezi nikileta maziwa, nachukua konzi mbili," akasema, sauti yake ile ile ya kila siku. "Mnadhani kwa nini vyungu vyangu havipasuki? Mnadhani ni mikono? Mikono kila mtu anayo. Miaka arobaini nachota, na Babu hajahama. Mwezi uliopita mmemwona wenyewe."

Rungu lilimdondoka Kurumba likagonga mguu wake mwenyewe na hakusikia. Mimi nilimwangalia yule mwanamke niliyeishi naye nyumba moja miaka saba, nikaona kwamba simjui hata kidogo, nikampenda kuliko nilivyowahi kumpenda.

Akamgeukia mchimbaji wa kuhani. "Wewe kijana, njoo. Hapa, siyo pale. Ukichimba kwa mbele kitakuangukia na utamwua aliyemo. Ingiza mwanzi kwa chini, upandishe. Kapu moja. Ukitaka la pili utanikuta nimekaa hapa." Kisha akamtazama Upaketu. "Sitagusa udongo wenu, usihofu. Mikono ya mashetani iko nyuma," na kweli akaiweka nyuma ya mgongo.

Kuhani alifikiri sana. Farasi alikanyaga kichuguu hiki, hilo lilikuwa wazi. Upande gani wa kichuguu, sheria haikusema. Tena alikuwa na mikuki sita na mbele yake marungu thelathini. Akatandika ngozi ya swala. Kapu moja likachimbwa, Ilamba akielekeza kwa kidevu, na wakaenda zao. Baadaye nilisikia chungu cha mke wa mkuu kilitoka motoni kizima, na Upaketu akawaambia watu ni kwa nguvu ya maneno aliyoyasoma. Ilamba alipoambiwa alicheka hadi akashika kiuno.

Lakini siku ile hakukuwa na kicheko. Wageni walipovuka mto, watu wetu wakamgeukia yeye. Walisema mambo ambayo siwezi kuyarudia, na wengine walikuwa wanawake aliowazalisha kwa mikono yake. Jioni ile ile vyungu vikaanza kurudishwa. Wakaviacha mlangoni kwetu, vikubwa kwa vidogo, pasipo salamu. Kesho yake asubuhi wengi walikuja kuvichukua kimyakimya, maana watapikia nini. Mmoja aliniuliza kama chake kile chenye masikio mawili hakijachukuliwa na mtu. Nikamwacha akitafute mwenyewe.

Kurumba akatoa hukumu. Maziwa yangewekwa kichuguuni, na Ilamba asiyaguse. Watangoja asubuhi tatu. Babu akinywa, yupo, na watu watabaki. Asiponywa, amehama kwa kuvunjiwa heshima, na kila mtu afunge mzigo. Aliposema hivyo sauti yake haikufika hata nyuma ya watu.

Nilimwuliza Ilamba usiku ule tukila kwa nini alifanya vile, si leo, bali siku ile ya kwanza, miaka arobaini iliyopita. Alilamba kidole kabla ya kujibu.

"Nilikuwa bi harusi," akasema. "Vyungu vya tanuri langu la kwanza vilipasuka vyote. Vya la pili navyo. Mama mkwe akasema vya la tatu vikipasuka ananirudisha kwetu, na kwetu palikuwa pameungua, nirudi wapi? Nikaenda kwa Babu na maziwa, nikamwambia, mimi nakupa, na wewe nipe. Nikaingiza mkono. Hakuniuma. Ningefanya nini, binti? Niliona amekubali."

"Na hukuogopa?"

"Naogopa kila mwezi," akasema.

Asubuhi ya kwanza maziwa yalikuwa yamefanya utando, na inzi wawili ndani. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Watu wakaanza kukunja mikeka. Nilimwona Pirku amekaa chini ya ule mti wa pala, karibu na baba yake, akivunjavunja kijiti. Ilamba alikuwa akikanda udongo kama kawaida, lakini hakuuweka kwenye gurudumu, aliukanda tu na kuurudisha shimoni.

Mimi sikulala. Nitasema ukweli wangu. Sisi watu wa ng'ombe tunawajua nyoka wa zizini, na nyoka hanywi maziwa. Panya atayanywa, nguchiro atayanywa, nyoka hana habari nayo. Hilo nilikuwa nalo moyoni tangu nilipoolewa, nikanyamaza kwa adabu. Alfajiri ya tatu, kabla jogoo hajawika mara ya pili, nikatoka kimya, nikazunguka nyumba nikiwa nimekusudia kuyanywa mwenyewe, utando na inzi na kila kitu.

Nikamkuta Kurumba. Alikuwa amepiga magoti, bakuli usoni, koo linapanda na kushuka. Aliposikia hatua zangu akageuza kichwa, na ndevu zake zote zilikuwa zinadondosha.

Tukatazamana.

"Umeona nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Nimeona Babu amekunywa," nikasema.

Akapangusa mdomo kwa kiganja, lakini ndevu hakuzikumbuka. "Nilimbeba bibi yangu mgongoni siku ile ya moto," akasema. "Siku tatu. Ya nne nikambeba kumbe amekwisha kufa. Binti yangu, mimi siwezi kuhama tena. Nakuapia siwezi."

Nilikuwa bado natafuta la kumwambia, mimi mtoto wa waliouwasha moto ule, ndipo tukasikia mtu anaburuza miguu. Ilamba alitokea pembeni ya tanuri, kajifunika shuka hadi kichwani. Alituona, akasimama. Akaliangalia bakuli, akaziangalia ndevu, akaniangalia na mimi.

"Mmemaliza yote?" akauliza.

"Wewe ulikatazwa kuyagusa," Kurumba akasema.

"Nilikuja kuangalia tu."

"Na hilo shuka la nini?"

Ilamba akalishusha shuka begani. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kisicho na sauti, akajishikiza kwenye bega la shemeji yake ili asianguke, na yule mzee naye akaanza, maziwa yakimtiririka kifuani. Nilikuwa nalia, sijui lini nilianza. Kukawa kunapambazuka. Tukaanza kubishana kwa kunong'ona nani atawatangazia watu, na Kurumba anasema yeye, na Ilamba anamwambia ajipanguse kwanza, ndipo Kurumba akaacha kusema katikati ya neno. Akanyoosha kidole.

Jua lilikuwa limegusa kilele cha kichuguu. Babu alikuwa juu pale, amejinyoosha urefu wake wote, anaota jua, wala hakutugeuzia kichwa.